Wa Kutibu Wapo, wa Kuuguza ni Nani?

Wazee wa Gusii wanasimulia kwamba kabla Mzungu hajafika, nabii Sakawa aliwakusanya watu pale Getembe, ambapo leo ndipo mji wa Kisii, akawaonyesha mahali watakapokaa askari, mahali zitakapojengwa ofisi za watawala, na mahali itakaposimama hospitali. Msimuliaji akifika hapo husifu utabiri ulivyotimia. Kinachonishika mimi ni ujirani wenyewe: hospitali ilitabiriwa pamoja na bunduki na ofisi, na ndivyo ilivyokuja. Waingereza waliingia Gusii kwa mashambulizi mwaka 1905, wakashambulia tena mwaka 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki ofisa wao, Northcote. Aliyemtia Otenyo moyo, kama Wagusii wanavyokumbuka, ni Moraa wa Ngiti, mwanamke mtabiri na mganga. Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana Kisii hapo hapo, na mwaka 1916 kikaanzishwa kituo cha kuwatibu askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Kituo hicho ndicho kilichokua hadi kuwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii.

Kwa hiyo mapokeo mawili ya tiba, ya uani na ya wodini, yalikutana Gusii yakiwa maadui, mganga upande huu na daktari wa jeshi upande ule. Tangu siku hizo yamelinganishwa kwa kipimo kimoja tu: nani anaponya zaidi? Katika kipimo hicho wodi imeshinda, na anayelibishia hilo aende akaone chanjo ya surua ilivyofanya. Kipimo changu ni kingine. Mgonjwa akishatibiwa, au tiba ikishashindwa, nani anabaki naye?

Katika boma la zamani homa ya mtoto na kikohozi vilitibiwa kwa majani na mizizi ambayo mama wengi waliijua. Ugonjwa uliokataa kupoa ndio uliowapeleka watu kwa omoragori, mpiga ramli, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke. Omoragori hakuhangaika sana na mahali panapouma. Alichunguza mahusiano. Kuna kafara ambayo mababu hawajapewa? Kuna kiapo kilichovunjwa? Mke ametoka nje ya ndoa, na sasa akimkaribia mumewe anayeugua, amasangia itammaliza mume? Kuna jirani mwenye kijicho? Majibu yalidai mbuzi, kuku na pombe ya wimbi, na kuliko vyote yalidai ndugu waje. Waliogombana juu ya mpaka wa shamba walilazimika kukaa na kula pamoja mbele ya mgonjwa. Hapo ndipo penye nguvu ya mapokeo ya uani: ugonjwa wa mmoja uliwaita wote, na aliyekataa kuitika alijiweka mwenyewe kwenye orodha ya washukiwa.

Hapo ndipo pia penye sumu yake, nami nitairudia, maana haijaisha.

Lakini uani hapakuwa na ramli pekee. Wagusii ni miongoni mwa watu wachache duniani ambao kwao upasuaji wa fuvu uliendelea hadi karne ya 20, na madaktari wa wakati wa ukoloni waliandika habari zake. Omobari, fundi wa kazi hiyo, aliletewa mtu aliyepigwa au kuanguka, ambaye kichwa hakikuacha kumuuma tangu siku hiyo. Alimnyoa, akapasua ngozi na kuikunja kando, kisha akaukwangua mfupa taratibu kwa kisu kilichopinda mpaka akaondoa sehemu iliyoharibika, akichunga asiuguse utando unaofunika ubongo. Mgonjwa alikuwa macho, ndugu zake wamemshika. Dawa za miti zilitumika kuzuia damu na kutunza kidonda. Kazi hiyo ilirithishwa kwa kutazama na kusaidia, miaka kwa miaka, na omobari aliyeharakisha hakupata mgonjwa wa pili.

Mwaka 1867 daktari Mfaransa Paul Broca aliwaonyesha wenzake mjini Paris fuvu la kale kutoka Peru lililokatwa tundu, akasema mwenye fuvu alipasuliwa akiwa hai na akaishi siku kadhaa baadaye. Wengi waliona shida kuliamini hilo. Katika hospitali za Ulaya za zama hizo, kabla ya watu kuelewa vijidudu, kufungua fuvu kulikuwa karibu sawa na kuua, kwa sababu ya usaha na homa ya kidonda. Wagonjwa walilazwa bega kwa bega, na mikono ile ile ilipita kutoka kidonda hadi kidonda. Mgonjwa wa omobari alilala nyumbani kwake, na kidonda chake hakikuchangia paa na cha mtu mwingine.

Asidhani mtu kwamba nataka kijana aliyevunjika fuvu kwenye ajali ya bodaboda huko Keroka apelekwe kwa omobari. Apelekwe hospitali, apigwe picha ya kichwa, apasuliwe na aliyesomea, akiwa usingizini. Wapo waliokufa mikononi mwa ababari, na hakuna aliyewahesabu. Hoja yangu ni juu ya siku zinazofuata. Kazi ya kumtunza aliyepasuliwa ilikuwa imekwisha kugawanywa kabla kisu hakijanolewa: nani atakesha naye, nani atamlisha, nani atachukua zamu yake ya kulima. Wagusii walikuwa na risaga, kazi ya pamoja ya majirani shambani, na egesangio, kikundi kidogo cha kupokezana kazi, kwa hiyo shamba la mgonjwa halikulazimika kuota magugu. Kijana wa bodaboda leo anaundiwa kikundi cha simu, watu wanachanga, bili inalipwa kwa harambee, na siku anaporuhusiwa kutoka kikundi kinavunjwa. Kama ulimi umekufa ganzi na mkono wa kulia hauinuki, hayo ni ya mama yake na mkewe. Zamani ndugu alileta mikono yake. Leo anatuma pesa kwa M-Pesa na kuona amemaliza.

Kuna kisu kingine ambacho siwezi kukinyamazia. Ukeketaji wa wasichana ulikuwa kazi ya omosari, kijijini, alfajiri. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta wanawake wa Kigusii 84 katika kila 100 wamekeketwa, na watafiti wamekuwa wakionyesha kwamba Gusii ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambako kazi hiyo imehamia kwa wauguzi na wahudumu wa afya, kwa siri, kwa glavu na sindano ya ganzi. Sheria ya mwaka 2011 inamtia hatiani anayekeketa, mwenye leseni na asiye nayo. Tazama basi mchanganyiko huu: omobari aliyekuwa na ujuzi wa kweli hakupewa nafasi hospitalini, lakini madhara ya omosari yalifunguliwa mlango wa nyuma wa zahanati. Kusafisha wembe hakukuondoa ubaya wa tendo. Wanaoamini kwamba kila kinachoingia hospitalini kinatakasika wapite Gusii wajifunze.

Wamisionari walifika mapema. Wakatoliki walijenga Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakajenga Nyanchwa mwaka 1912, na baadaye hospitali ya misheni ya Tabaka, kule kwenye mawe laini ya kuchonga, ikawa kimbilio la Mugirango Kusini nzima. Misheni ilileta kitu ambacho serikali haikukileta: watawa na wauguzi waliokaa, waliojifunza lugha, waliowaosha wagonjwa kwa mikono yao. Ilisema pia kwamba homa haitoki kwa jirani. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na waliolisikia walipata pumziko. Serikali ya kikoloni kwa upande wake ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1925, ambayo ilimfungia njia anayedai kuwa na nguvu za uchawi na anayedai kuwafichua wachawi pia. Omoragori na yule aliyetuhumiwa naye wakajikuta wote wakosaji mbele ya hakimu. Baraza la wazee lililokuwa linasikiliza tuhuma, likaapisha watu kwa kiapo cha emuma na kumaliza kesi, likabaki bila kazi halali. Tuhuma zenyewe hazikufa. Zilikosa mahali pa kusikilizwa, zikahamia gizani.

Habari za malipo nitazipitia upesi. Uhuru ulikuja 1963, na mwaka 1965 ada za wagonjwa wa nje katika hospitali za serikali zikaondolewa. Watu wa Gusii, kama Wakenya wengine, wakajenga zahanati kwa harambee, wakibeba mawe na mchanga wenyewe. Mfuko wa bima ya hospitali ulianza 1966. Desemba 1989 serikali ikarudisha ada kwa jina la kuchangia gharama, na muongo uliofuata, malaria iliyopanda milimani ikawakuta watu wa nyanda za juu za Kisii na Nyamira hawana kinga mwilini wala pesa mfukoni. Katiba ya 2010 iliandika kwamba afya ni haki, na kuanzia 2013 hospitali za Kisii na Nyamira zikawa chini ya serikali za kaunti. Juni mwaka huo kujifungua katika hospitali za umma kukafanywa bure. Oktoba 2024 ikaja bima mpya ya jamii, ambapo mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Kila hatua ilijibu swali la nani atalipia kitanda na dawa. Hakuna hata moja iliyouliza nani atamgeuza mgonjwa kitandani usiku akiwa nyumbani.

Katika uzazi ulinganisho unakuwa mgumu zaidi, kwa sababu huko uani palikuwa na hekima ambayo wodi ilichelewa kuiona. Kuanzia miaka ya 1950, mtafiti Mmarekani Robert LeVine na wenzake waliishi na familia za Kigusii, na katika miaka ya 1970 wakawalinganisha mama wa Gusii na mama wa Boston. Kitabu chao cha mwaka 1994 kinaeleza kwamba mama wa Boston alimsemesha mtoto wake mchanga tangu siku za mwanzo, akimtayarisha kwa shule. Mama wa Gusii hakumsemesha sana. Alimbeba, alimnyonyesha kila alipolia, alilala naye, na alikuwa na omoreri, msichana au mvulana mdogo wa nyumbani aliyemshika mtoto wakati mama yuko shambani. Lengo lake lilikuwa mtoto aishi. Mama mwenyewe alipewa chinsaga, ile mboga chungu, na uji wa wimbi, ili arudishiwe damu na nguvu. Boma zima lilijua kwamba aliyejifungua ni mgonjwa wa kutunzwa, ingawa hana ugonjwa.

Leo mama wa Ekerenyo anajifungua mikononi mwa muuguzi aliyehitimu, akitokwa damu nyingi kuna dawa ya kuizuia, na mtoto asiyelia kuna wa kumhuisha. Sipunguzi thamani ya hayo. Wanawake wengi walikufa uani kwa kukosa vitu hivyo viwili. Lakini anatolewa wodini mapema, anarudi kwenye chumba cha kupanga mjini au kwenye kipande cha shamba ambako omoreri yuko shuleni, kama inavyompasa, na mama mkwe anauza ndizi sokoni. Watu 1,266,860 walihesabiwa Kisii mwaka 2019, na Nyamira 605,576, katika kaunti mbili ambazo mashamba yamegawanywa mpaka mengine hayatoshi nyumba na kaburi. Udugu uliolishwa na ardhi hauwezi kubaki ulivyokuwa ardhi ikiisha.

Mambo haya hayakuikuta Gusii peke yake. Tarehe 5 Julai 1948 Uingereza ilianza kutekeleza sheria mbili kwa siku moja. Moja iliunda huduma ya afya ya taifa, ambayo mgonjwa anatibiwa bila kulipa mlangoni. Ya pili iliziachia serikali za mitaa kazi ya kuwatunza wazee na wasiojiweza, na huko mtu hupimwa mali yake kwanza. Tangu siku hiyo mzee wa Kiingereza aliyevunjika nyonga hutibiwa bure, kisha hukaa hospitalini wiki baada ya wiki kwa sababu hakuna aliye tayari kumpokea nyumbani, huku ofisi mbili zikivutana. Uingereza ilitenganisha kutibu na kuuguza kwa sheria iliyojadiliwa bungeni. Gusii ilitenganishiwa bila mjadala: tiba ikahamishwa mjini, na kuuguza kukaachwa kwa wanawake, kama kwamba wanawake hao hawataondoka.

Wameondoka, nao wamekwenda kuuguza. Katika vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Brooklyn Park hasa, kuna jamii kubwa ya Wagusii, na wengi wao wanafanya kazi katika hospitali na nyumba za kutunzia wazee. Binti aliyemwona nyanya yake akitunzwa huko Masaba ndiye anayemwogesha, kumlisha na kumshika mkono mzee wa Kimarekani usiku wa theluji. Anafanya kazi hiyo vizuri, kwa heshima aliyolelewa nayo, na kwa mshahara wake anasomesha wadogo zake na kumjengea mama yake nyumba ya matofali. Simlaumu hata kidogo. Lakini ndani ya nyumba ile ya matofali mama yake anakaa na kijana wa kuajiriwa, au anakaa peke yake.

Na mama aliye peke yake, katika milima hii, yuko hatarini. Mei 2008 umati uliwachoma moto watu 11 Kisii, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wakongwe, ukiwaita wachawi. Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa vivyo hivyo huko Marani. Hizi ni habari zilizofika magazetini. Mwenye kutaka kuelewa aziweke picha mbili pamoja. Katika masimulizi ya Gusii, omorogi, yaani mchawi, hutembea usiku, uchi, akiongea maneno yasiyoeleweka, na hukutwa kwenye boma lisilo lake. Sasa mtazame mtu mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu: hutoka usiku akidhani ni mchana, huvua nguo, huongea peke yake, hupotea na kukutwa kwenye boma lisilo lake. Dalili za ugonjwa na ushahidi wa kesi ni kitu kimoja. Ongeza hapo shamba la mjane ambalo mpwa analitamani. Usukumani, ng'ambo ya ziwa, wakongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa miaka ya kupikia kinyesi cha ng'ombe jikoni.

Ninaposema sumu ya mapokeo ya uani, ndiyo hii. Swali la nani amesababisha halikuondoka pamoja na omoragori. Lilibaki bila omoragori wa kulielekeza kwenye mbuzi wa kafara, bila wazee wa kulimaliza kwa kiapo, na bila mjukuu wa kulala na bibi chumba kimoja, akiamka naye usiku na kumrudisha kitandani. Sisemi kwamba zamani hakuna aliyeuawa. Nasema kwamba tumeipoteza ile sehemu ya mapokeo iliyokuwa inauguza, tukabaki na ile inayotuhumu. Wodi nayo, ambayo ingeweza kusema "huyu ni mgonjwa, na ugonjwa wake una jina," haimfikii, kwa kuwa bibi wa namna hii hana jeraha wala homa, na hakuna wa kumpeleka.

Kuna njia ambazo zimekwisha kuanza. Zanzibar, Aprili 2016, ilianza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya kila mwezi kutoka hazina yake yenyewe, na kabla ya hapo ilikuwa na makazi ya wazee ya serikali Sebleni na Welezo. Kenya ilifuata 2018 kwa kuwalipa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi chini ya Inua Jamii. Pesa hizo ni kidogo na huchelewa, lakini zimebadilisha jambo moja: jina la bibi liko kwenye orodha ya serikali, na chifu anajua kama yuko hai. Tangu Septemba 2023 kuna pia wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, wenye mikoba na simu, wanaotembelea nyumba hadi nyumba. Wengi ni wanawake wa kijiji kile kile. Katika yote yaliyokuja tangu 1916, hili ndilo ninaloliona limekaribia uani zaidi, kwa sababu mhudumu huyo anakuja nyumbani, anaongea Ekegusii, na anamjua mgonjwa ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo maombi yangu ni kwa kaunti za Kisii na Nyamira, na kwa makanisa ambayo waumini wake wamo ndani ya umati ule na ndani ya nyumba zile. Wafundisheni wahudumu wa afya ya jamii kuutambua ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na muwape barua ya kumpeleka mzee kliniki kama wanavyompeleka mama mjamzito. Wekeni fungu la kumlipa jirani anayelala na mkongwe asiye na mtu. Padri na mchungaji walitamke jina la ugonjwa huu madhabahuni, kwa Ekegusii, ili kila kijana aliyekaa kwenye benchi alisikie kabla hajalisikia lile lingine. Nanyi mlioko Brooklyn Park, Nairobi na Doha, mnaotuma pesa kila mwezi bila kukosa: ulizeni pia ni nani analala katika nyumba ya mama leo usiku.